Kufungua kesi Kigoma na Tabora: dirishani, steshenari au kwenye simu yako?

Mtu akipata kesi, swali la kwanza siku hizi ni hili: niende mahakamani mwenyewe, nimpe kijana wa steshenari anipandishie, au nihangaike na simu yangu nikiwa hukuhuku Nguruka? Wengi hujibiwa kwa mkato, "sasa hivi kila kitu mtandaoni," na mazungumzo yanaishia hapo. Kanuni za kuwasilisha nyaraka mahakamani kwa njia ya kielektroniki ni za mwaka 2018, na mfumo wa kusimamia mashauri unaoitwa e-CMS ulianza kutumika mwishoni mwa 2023. Kwa hiyo shauri lako litaingia kwenye kompyuta, upende usipende. Unachobaki nacho wewe ni kuamua nani ataliingiza, na simu ya nani itapokea taarifa zake.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa watu wengi wa mikoa hii miwili, ninaona heri kuanza kwa miguu na kufuatilia kwa simu. Mahakama kuhamia kwenye mtandao kunamsaidia mwananchi kidogo tu siku anayofungua shauri. Msaada wenyewe anauona miezi kadhaa baadaye, anapotaka kujua kesi imefika wapi, anapohitaji nakala ya hukumu, au anapokata rufaa.

Siku ya kwanza: mdomo au fomu

Tuanze na Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu ndiko wananchi wengi wanakoishia: madeni, mirathi, talaka, ugomvi wa mtaani. Mahakama hii husikiliza madai ya mali inayohamishika yasiyozidi shilingi milioni 30, na mali isiyohamishika isiyozidi milioni 50. Na kanuni zake zina jambo ambalo watu wengi hawalijui: mdai anaweza kueleza madai yake kwa mdomo, yakaandikwa, akasomewa, akaweka saini au dole gumba. Mwanamke aliyekopesha madebe ya mawese pale Mwandiga hahitaji kujua kuchapa hati ya madai. Anahitaji nauli na kauli iliyonyooka.

Ukikaa karibu na dirisha la masjala, ofisi ya kupokea na kutunza majalada, utasikia mazungumzo ya namna hii.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumdai mtu."

"Pole. Anaitwa nani, na anaishi wapi?"

"Si Baba Zawadi! Pale juu sokoni."

Hapo karani mwenye uzoefu anaweka kalamu chini. Baba Zawadi hawezi kupelekewa samansi, yaani wito wa mahakama. Jina lake kamili ni lipi, kitongoji gani, mwenyekiti wake wa mtaa ni nani? Fomu ya kwenye skrini itapokea "Baba Zawadi" bila kulalamika, shauri litasajiliwa vizuri kabisa, kisha litaahirishwa na kuahirishwa tena kwa sababu mdaiwa hapatikani. Karani anayeuliza maswali ya kuudhi siku ya kwanza anakuokolea safari nyingi za mbele.

Kwenye mirathi ni hivyohivyo. Cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo utavipiga picha na kuvipandisha, lakini majina yakitofautiana herufi moja, cheti kikisema Rashidi na kitambulisho kikisema Rashid, dirishani utaambiwa papo hapo ukaape kiapo cha majina. Mtandaoni utalijua hilo siku ya kutajwa.

Kwa hiyo kwenye kuanza, kwa mtu asiye na wakili na mwenye shauri la Mwanzo, dirisha linashinda. Kwa anayeanzia Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, mambo yanageuka: huko hati zinatakiwa ziandaliwe kisheria na ziwasilishwe kwa njia ya kielektroniki. Ukienda masjala na bahasha mkononi utaelekezwa kuziskani na kuzipandisha. Basi tuje kwa anayepandisha.

Steshenari, wakili au wewe mwenyewe

Hapa ndipo watu wanapoumia, na sehemu hii naomba isomwe taratibu.

Vibanda vya steshenari vilivyozunguka mahakama, iwe Kigoma mjini au Tabora mjini, vinafanya kazi ambayo serikali ingepaswa kuvishukuru. Vina skana, vina intaneti, vina vijana wanaojua mfumo kuliko mawakili wengine wa umri mkubwa. Mkulima wa tumbaku kutoka Urambo anayedaiana na mtu kuhusu mzigo wake anaingia na makaratasi kwenye mfuko wa rambo, anatoka na mafaili yaliyopangwa na kontroo namba ya kulipia ada. Analipa kwa simu yake, basi. Hakuna aliyeshika pesa yake njiani, hakuna "niachie hiyo elfu tano nitakulipia." Kabla ya malipo ya namba, kiasi cha ada na kiasi kilichotoka mfukoni havikuwa lazima viwe kitu kimoja.

Tatizo ni akaunti. Kijana akikufungulia akaunti kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, kwa sababu wewe una kitochi na huna barua pepe, basi kwa mfumo yeye ndiye wewe. Tarehe ikibadilika, ujumbe unakwenda kwake. Upande wa pili ukiwasilisha majibu, taarifa zinamfuata yeye. Akihamia Kahama kutafuta maisha, kesi yako imehama naye. Na sheria haitakuhurumia kirahisi: mdai asipotokea, shauri laweza kufutwa; mdaiwa asipotokea, laweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu ikatolewa. Kuitengua hukumu ya namna hiyo kuna maombi yake, muda wake na ada yake.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Tumia namba ya simu ya mtu wa nyumbani mwako, mtoto aliye sekondari au mpwa mwenye simu janja. Fungua barua pepe mpya kwa jina lako. Nywila iandikwe kwenye daftari linalokaa kwako. Kisha omba karatasi moja iliyochapwa yenye namba ya shauri, jina la mahakama na tarehe ya kwanza. Ukiwa na namba hiyo, hata kituo kingine cha mahakama kinaweza kukuangalizia shauri lako liko hatua gani.

Wakili ana bei kubwa zaidi, lakini akaunti ni yake kihalali na wajibu ni wake. Akikosa tarehe, una pa kumlalamikia. Kishoka wa mtaani, yule anayejiita mwanasheria na kukuandikia hati kwa shilingi kadhaa, ni vigumu kumbana kwa sababu kwenye hati hayupo. Mtandao umempunguza nguvu kishoka, lakini haujamwondoa. Amejifunza kuskani tu. Asiyeweza bei ya wakili aulize kwanza wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na kazi yao haitozwi kwa mwananchi asiye na uwezo.

Na kufanya mwenyewe kwa simu? Inawezekana kwa mtu mwenye shule kidogo na uvumilivu mwingi. Kuandaa hati ya kurasa nyingi kwenye kioo cha simu ni mateso, ila kufuatilia tarehe, kulipa ada na kupakua amri ni kazi ambazo simu inaziweza kabisa. Hapo ndipo simu inalipa bando lake.

Jalada la karatasi na jalada la kwenye mfumo

Kabla Kigoma haijapata kanda yake ya Mahakama Kuu, rufaa ya mtu wa Kasulu au Kibondo ilipanda kwenda Tabora. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilibeba dagaa, mawese, abiria, na pia watu wenye bahasha za kaki wakifuata majalada yao. Unafika Tabora, unaambiwa mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, kutoka mahakama ya chini haujafika. Unarudi. Leo Mahakama Kuu iko Kigoma, lakini mtu wa Kakonko bado ana safari ndefu ya barabara, na wa Kalya, pwani ya ziwa kule kusini mwa mkoa, hutegemea boti na hali ya hewa. Upande wa Tabora, wa Igunga na Nzega wana lami ya kujivunia. Wa ndani ya Sikonge au Ulyankulu tuwaulize wenyewe wakati wa masika.

Udhaifu mkubwa wa jalada la karatasi ni kwamba liko moja. Likiwa kwa hakimu, haliko kwa karani. Likipelekwa kwa jaji, mahakama ya chini haina kitu. Likiwekwa kabati lisilo lake, halionekani, na jalada lisiloonekana lina tabia ya kuonekana ghafla mtu akitoa chai. Simsemi mtu, nasema mpangilio wenyewe ulikuwa unatengeneza mwanya huo.

Angalia njia ya rufaa. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo likikatiwa rufaa, kwa kawaida ni siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya. Ukishindwa tena, siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu, na kisheria rufaa hiyo ya pili unaiwasilisha kwenye Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, nayo ndiyo inayoipeleka juu pamoja na kumbukumbu za shauri. Yaani ushindi wako unategemea ofisi moja kutuma makaratasi kwa ofisi nyingine. Kumbukumbu zikiwa kwenye mfumo, jaji, msajili na wakili wa upande wa pili wanaziona kwa wakati mmoja, bila mtu kupanda basi. Kwa maoni yangu, hii pekee inatosha kuhalalisha gharama zote za kuipeleka mahakama kwenye mtandao, hata kama mengine yote yangeshindwa.

Kuna faida ya pili isiyosemwa sana. Mfumo unaandika kila kitu na saa yake: hati imewasilishwa lini, imepokelewa lini, shauri limepangiwa nani, limeahirishwa mara ngapi. Hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wa mahakama, anaona mashauri yaliyokaa muda mrefu bila kumuuliza mtu. Katiba, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Zamani mchelewesho ulikuwa jambo la kusimuliana. Sasa una tarehe.

Lakini usidanganyike. Shauri lililofunguliwa kabla ya mfumo huenda jalada lake bado ni la karatasi, na kinachoonekana kwenye skrini ni jina na namba tu. Kesi ya shamba ya baba yako ya miaka ya nyuma, nenda kwa miguu. Na vielelezo halisi usivitupe baada ya kuskani. Siku ya ushahidi utatakiwa uoneshe mkataba wenyewe, si picha yake. Kwa ujumbe wa simu na miamala, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaupokea ushahidi wa namna hiyo, mradi uweze kueleza ulitokaje, ulitunzwa wapi na nani aliushika. Simu iliyopokea ujumbe huo usiiuze kesi ikiendelea.

Saa tisa na nusu au saa sita usiku

Masjala inafungwa alasiri. Mfumo unapokea hati mpaka saa sita usiku, na hati iliyoingia kabla ya hapo inahesabika ya siku hiyo. Kwa mtu anayehesabu siku ya thelathini, saa hizo ni uhai. Ila mikoa yetu ina historia yake na umeme. Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli mpaka ilipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na mpaka leo hakuna anayeweka dau kwamba mtandao utakuwepo saa tano usiku wa mvua. Kanuni za 2018 zimelifikiria hilo: mfumo ukigoma, unaweza kumweleza msajili au hakimu siku ya kazi inayofuata ili hati isihesabike imechelewa. Unachohitaji ni ushahidi, kwa hiyo piga picha ya skrini inayoonesha hitilafu na saa. Tena lipa ada siku hiyohiyo. Hati iliyopandishwa bila kulipiwa ni mwaliko wa pingamizi, na mawakili wa upande wa pili wanayapenda mapingamizi ya tarehe kuliko hoja za msingi.

Anayekaa mjini na ana siku kumi mkononi, atumie dirisha au mtandao, sawa tu. Anayekaa Buhingu na ana siku mbili, mtandao ndio tegemeo lake, na asisubiri usiku.

Kusimama mbele ya hakimu au mbele ya kamera

Kanuni za mwaka 2021 zinaruhusu shauri kusikilizwa kwa njia ya video. Wanaofaidika kwanza ni mahabusu na mashahidi wa mbali. Mahabusu wa gereza la Bangwe, Kigoma, au la Uyui, Tabora, anayekwenda kusikia kesi yake inatajwa tu, "upelelezi haujakamilika, kesi itatajwa tena tarehe fulani," hana sababu ya kupakiwa kwenye karandinga kila baada ya wiki mbili hivi, hasa mafuta yakikosekana na kutajwa kwenyewe kukakwama. Shahidi naye: askari aliyekamata mali Kibondo amehamishiwa Mtwara, daktari aliyemhudumia majeruhi Nzega sasa yuko Muhimbili. Kesi ngapi zimelala zikimsubiri mtu mmoja wa dakika ishirini?

Kwa kutajwa, kwa shahidi wa kitaalamu na kwa hoja za kisheria za mawakili, chagua video. Kwa ushahidi wa ugomvi wenyewe, nani alisema nini, nani alipiga nani, nenda kwenye chumba cha mahakama. Hakimu anatakiwa amwone shahidi anavyosita, na kwenye video huwezi kujua nani amekaa nyuma ya kamera akimnong'oneza. Halafu kuna jambo la heshima ambalo wazee wetu hawalifichi: mtu aliyekudhulumu unataka akuangalie usoni unapoeleza. Siioni sababu ya kulibeza.

Ukiamua video, usifanyie sebuleni kuku wakipita. Omba mapema ukae kwenye jengo la mahakama lililo karibu nawe.

Kuisoma hukumu

Hili ni fupi. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinawekwa kwenye tovuti ya TanzLII, bure, na mtu yeyote anaweza kusoma. Mwanafunzi wa sheria wa Tabora anasoma maamuzi yaleyale anayosoma wakili wa Posta, Dar es Salaam. Tatizo ni lugha. Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu nyingi za juu bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa Kasulu aliyeshinda rufaa Mahakama Kuu anaishika hukumu yake kwenye simu, kisha anatafuta mwalimu wa kumsomea.

Nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, kwa ajili ya benki, ardhi au kukazia hukumu (kuifanya itekelezwe), bado nakushauri uifuate mahakamani. Ofisi nyingi nje ya mahakama zinauamini muhuri.

Majirani

Rwanda, ng'ambo ya mpaka wa Kagera, ilianza mfumo wake wa mashauri mwaka 2016 ukiwaunganisha polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza. Kenya ilianzia Nairobi tarehe 1 Julai 2020, ikafika nchi nzima mwaka 2024. Ninachokitamani ni hicho cha Rwanda: kesi ya jinai kuonekana tangu kituo cha polisi. Mahakama yetu ikiwa na kasi na upelelezi ukabaki kwenye bahasha, mahabusu wa Uyui haoni tofauti. Dar es Salaam na Mwanza walianza kuhudumiwa na mahakama inayotembea kwenye gari mwaka 2019. Ziwa Tanganyika lingefaa lipate ya kwenye boti, ingawa najua nani atasema bajeti.

Mgogoro wa ardhi

Hapa ulinganisho wote unasimama kwanza. Mgogoro wa ardhi hauanzi kwenye mfumo wala kwenye dirisha la mahakama. Unaanza Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halihukumu tena, linapatanisha, na lina siku 30 za kufanya hivyo. Likishindwa, linakupa hati ya kuthibitisha kwamba upatanishi umeshindikana, na bila hati hiyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakiwi kukusikiliza, isipokuwa siku hizo 30 zimepita bila suluhu. Ukitoka Kaliua mpaka mjini na skana yako nzuri bila karatasi hiyo, na siku hizo hazijaisha, utarudishwa. Hakikisha ina muhuri, majina ya wadaawa (wenye mgogoro) wote wawili, mahali shamba lilipo na tarehe, kisha toa fotokopi mbili kabla hujamkabidhi mtu yeyote.